Mama wa Mtu Asiyekuwepo

Paa la nyumba ya Lisebo lilikuwa linavuja juu ya mlango, na kila Msotho anajua la kufanya paa la nyasi likivuja. Unasimama ndani, unapapasa penye unyevu, unachomeka tete mpaka litokeze nje, ili fundi wa kuezeka akija asianze kukuna kichwa na kuuliza ni wapi. Lisebo alipanda kiti, akachomeka tete, akashuka, akarudi kwenye sufuria yake ya ugali. Angetulia kidogo angekumbuka kwamba tete juu ya mlango lina kazi nyingine pia: linawaambia wapita njia kuwa humu ndani kuna mtoto mchanga, wanaume wasijiingilie ovyo. Lakini alikuwa na njaa, na mwenye njaa hawazi matete.

Kosa la pili ni kwamba alikuwa amerudi jana tu. Tangu mavuno alikuwa kwa mama yake mzazi kule Quthing, akimuuguza mguu uliovunjika. Na pale kijijini Ha Mokhethi, mke wa mtu akienda kwao akakaa miezi, hakuna anayeuliza nani mgonjwa. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake mzaa mama, basi. Tena alirudi amejitanda blanketi toka shingoni hadi magotini, maana ilikuwa Agosti na theluji bado haijatoka milimani. Ndani ya blanketi la Kisotho unaweza kuficha mtoto, mwanakondoo na nusu gunia la unga, na watu wakakuamkia bila kushuku kitu.

Mamookho, jirani yake, alikuwa anapita na ndoo kwenda bombani. Kijiji kile hakihitaji redio, kina Mamookho. Aliliona tete, akaitua ndoo, akashika kiuno, akalitazama tena. Kisha akapiga kigelegele kilichowatoa mbwa wa kijiji kizima majumbani.

"Jamani! Mama wa Lefa kajifungua! Njooni! Mama wa Lefa!"

Hilo la Mama wa Lefa, Malefa kwa lugha ya kwao, ndilo lilikuwa jina la Lisebo. Kwa Wasotho mwanamke hangojwi azae ndipo aitwe mama fulani. Siku anayofika ukweni huchinjwa kondoo, anakalishwa chini, anavalishwa gauni la ukweni na kupewa jina la mtoto atakayemzaa. Jina linatangulia, mtoto anafuata. Mama mkwe wake, Mamosa, alimpa jina la Lefa, mwanawe wa pili, aliyekwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini angali kijana na kurudishwa ndani ya sanduku. Alisema siku ile mbele ya watu wote: "Nimempa jina la mwanangu. Anirudishie." Huu ulikuwa mwaka wa tisa.

Kwa hiyo wanawake hawakubisha hodi. Mila inataka baba mtu aambiwe kwanza, tena haambiwi kwa mdomo: mtoto akiwa wa kiume anapigwa fimbo, akiwa wa kike anamwagiwa maji. Wakasimama njiani kubishana.

"Ni dume," alisema Mamookho. "Mama wa Lefa atamzaa nani kama si Lefa?"

"Na kama ni wa kike?"

"Basi beba na maji. Tusije tukakosea."

Hlompho, mume wa Lisebo, alikuwa zizini ameinama anakagua kwato za kondoo. Fimbo ya kwanza ilimpata mgongoni, ya pili makalioni, na kabla hajageuka ndoo nzima ya maji ya baridi ikamshukia kichwani.

"Ala! Nimefanya nini?"

"Umefanya kazi, baba!" walicheka. "Hatimaye umefanya kazi! Huu mgongo tumeungoja miaka!"

Maana kwenye pombe ya mtama, huko wanaume wanakokaa, Hlompho alikuwa haachwi apumue. Walimwambia mgongo wake ni laini kama wa bi harusi, haujawahi kuonja fimbo. Walimuuliza kama anahitaji kuelekezwa njia. Alikuwa akicheka nao na kuondoka mapema.

Alifika nyumbani mbio, maji yanamchuruzika, nyuma yake wanawake wanaimba. Lisebo aligeuka na mwiko mkononi. Cha kwanza alichokiona ni kwamba mume wake anatabasamu. Cha pili ni kwamba hakumtazama yeye. Alitazama kitandani.

"Una nini?" Lisebo aliuliza. "Nani kakupiga?"

Tabasamu lilimtoka Hlompho polepole. Alikuwa amelala kitanda kimoja na mwanamke huyu jana yake. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba hakuna kitu. Na bado alikuwa amekimbia.

Nje waliimba mpaka Lisebo akatoka na kuwaambia. Tete ni la paa. Paa linavuja. Fundi anakuja kesho. Wimbo ukafa katikati, na wakati huo huo watu wakapisha njia, akaingia Mamosa. Mzee yule hutembea kwa fimbo, lakini siku hiyo fimbo alikuwa ameisahau. Mikononi alishika blanketi dogo la mtoto, la rangi ya maziwa, lenye mikunjo ya kukaa sandukuni miaka na miaka.

"Yuko wapi?" alisema. "Nipeni."

Mamookho, kwa mara ya kwanza, aliwaachia wengine watoe habari.

"Hakuna mtoto, mama," Lisebo alisema. "Ni tete la paa."

Mamosa alikaa chini palepale uani, miguu ameinyoosha, akalikunja blanketi, akalikunjua, akalikunja tena.

Ndipo huruma zikaanza. Wallahi hakuna kitu kinachochosha kama huruma ya kundi. "Masikini Mama wa Lefa." "Usilie, mwenzangu, Mungu hajalala." Mwenye blauzi nyekundu ya umoja wa kina mama kanisani akasema watafunga na kuomba kwa ajili yake. Mwingine akasema mambo ya kufunga ni sawa, lakini ajichongee mwanasesere wa kibuyu, ambebe mgongoni na kumpa jina, mbona shangazi yake alifanya hivyo akazaa mapacha. Mamookho alimjua mganga wa kule ng'ambo ya mto.

Lisebo alikuwa amezimeza huruma hizi miaka yote. Huo ndio uliokuwa mpango wao, yeye na Hlompho. Kabla ya ndoa alimwambia wazi: mimi sitaki kuzaa. Hlompho akasema sawa, nakutaka wewe. Wakakubaliana kwamba watu hawatawaelewa, kwa hiyo waache waseme Mungu kamnyima. Anayenyimwa na Mungu anaonewa huruma. Anayekataa mwenyewe anapigwa vita. Basi Lisebo akajifunza kuinamisha macho na kusema amina. Alikuwa hodari wa kuinamisha macho kuliko mwanamke yeyote wa Ha Mokhethi, na kila alipoyainamisha alijichukia kidogo.

"Mwanangu," Mamosa alisema pale chini, wala hakuwa na hasira. "Hata mwakani. Hata mwaka wa pili yake. Mimi nitangoja. Meno yaishe, macho yaishe, nitangoja."

Hapo ndipo Lisebo aliposhindwa. Uongo ule alioudhani ni ngao yake peke yake, kumbe mwenzake alikuwa ameujengea nyumba na kuhamia humo.

"Usingoje, mama."

"Nini?"

"Usingoje. Mungu hajaninyima kitu. Mimi sitaki kuzaa. Sikutaka jana, sitaki leo, na mwakani ukija utanikuta hivi hivi. Kama mimi ni tasa hata sijui, sijawahi kujaribu nikajua. Sitaki tu."

Kuku mmoja alipita katikati yao akitafuta chake.

"Amerogwa," alinong'ona wa blauzi nyekundu.

"Sikurogwa."

"Basi kuna jambo lilikupata," Mamookho alisema kwa sauti ya kubembeleza. "Ulipokuwa mdogo. Sema tu, mama, sisi ni wanawake wenzako."

"Halikunipata jambo. Nililelewa vizuri, nilikula nikashiba. Watoto wenu siwachukii. Wewe wajukuu zako wanakula kwangu mara ngapi kwa juma, Mamookho? Lakini nimejichungulia tangu nikiwa msichana, na hamu hiyo sikuiona. Nyinyi mliiona, mkazaa, mmefanya vizuri. Mimi haimo."

Lo! Huruma iligeuka haraka kuliko maziwa kwenye jua. Aliyetaka kufunga na kumwombea ndiye aliyepayuka wa kwanza.

"Mchoyo wa tumbo! Kuna wanawake wanalia usiku na mchana, wewe unacho unakifungia!"

"Nikikifungua watapata wao?"

"Na uzeeni nani atakuchotea maji? Nani atakuzika?"

"Mtanizika nyinyi," Lisebo alisema. "Na mtachinja ng'ombe wangu, na mtakula, na wewe utafungasha nyama ya kupeleka nyumbani. Sijaona maiti iliyoachwa nje Ha Mokhethi siku ambayo kuna nyama."

Mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Ng'ombe!" Mamookho aliona pa kupenya. "Hebu tuongelee ng'ombe. Familia hii ilitoa ng'ombe kwenu. Ng'ombe wa mahari hatolewi kwa ajili ya sura yako nzuri, anatolewa kwa ajili ya watoto!"

"Waliswagwa mpaka kwa baba yangu na wazee wakasema wamekuja kumwoa Lisebo. Kama mlikuwa mnamwoa Lefa, mngengoja azaliwe mkampelekea mwenyewe."

Aligundua kwa mshangao kwamba anafurahi. Shingo yake ilikuwa imenyooka. Alikuwa hajasimama hivi mbele ya watu hawa tangu siku ile walipomkalisha chini na kumvalisha gauni lao.

Mamosa alimgeukia mwanawe, ambaye alikuwa amesimama mlangoni bado amelowa, alama za fimbo zimemvimba shingoni.

"Hlompho. Wewe ulijua?"

Hapa Hlompho angeweza kuponyoka. Angesema hakujua, kijiji kizima kingemwonea huruma na jioni angenunuliwa pombe. Sifa yake tumpe: hakufanya hivyo.

"Nilijua, mama. Aliniambia kabla ng'ombe hawajatoka zizini."

"Na ukaniacha nimpe jina la kaka yako? Ukakaa ukala kondoo, ukanitazama nikilitoa?"

Hlompho alitazama vidole vya miguu yake.

"Nilidhani atabadilika," alisema.

Maneno yote yaliyosemwa uani asubuhi ile, mchoyo, mchawi, tasa wa makusudi, Lisebo aliyapokea kama mvua ya mawe: unainamisha kichwa, inapita. Hili moja lilimwingia. Sasa alielewa kwa nini mtu anayejua hakuna mtoto amekimbia kutoka zizini kuja kutazama kitanda. Miaka yote hiyo alidhani wako wawili. Kumbe walikuwa wawili kweli, ila wawili wale walikuwa Hlompho na mama yake, wanangoja pamoja, kila mmoja kwenye dirisha lake.

"Ulidhani nitabadilika," alirudia.

"Watu hubadilika, mke wangu."

"Ulikuwa unaniambia sawa, na moyoni unangoja."

"Sikutaka kukusumbua..."

"Hukutaka kunisumbua!" Sauti ilimpanda. "Wananiita jina la mtu ambaye hatakuja, bombani, kanisani, kwenye misiba, na mimi naitika, naitika, nikijua angalau ndani ya nyumba hii kuna mmoja anayenijua! Kumbe na wewe ulikuwa unamwita yeye!"

Alimwendea Mamosa, akachuchumaa mbele yake, kwa maana mkwe hasemeshwi ukiwa umemsimamia, hata siku ya vita.

"Mama, pole. Kwa mwanao pole, na kwa kukuacha ungoje pole. Hilo ni kosa langu na sitalikana. Lakini jina lako nakurudishia. Mpe umtakaye. Mimi kwetu niliitwa Lisebo, na tangu leo anayetaka niitike aniite hivyo."

"Jina halirudishwi," Mamosa alisema. Macho yake yalikuwa makavu. "Wewe si wa kwanza kujiona una kichwa kigumu. Jina hili litapata tumbo lingine. Hlompho, nishike mkono. Twende kwangu, ng'ambo ya mto."

Hlompho alimtazama mke wake. Labda alitaka azuiwe.

"Nenda," Lisebo alisema. "Kama unangoja, kangojee huko. Kwangu hakuna foleni."

Hlompho akamshika mama yake mkono, wakaenda. Wanawake waliwafuata nyuma na ndoo tupu. Lisebo aliingia ndani akakuta ugali umeungua. Alikaa akaula hivyo hivyo, analia, anatafuna, anafuta kamasi, anatafuna. Hakujutia hata neno moja, ila lile la foleni alilirudia kichwani mara kadhaa, maana lilimtoka vizuri.

Siku zilizofuata kijiji kilimfundisha adabu kwa namna zake. Bombani walinyamaza akifika. Kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi ya kulala. Alikuwa mshonaji wa magauni ya marinda ya kitambaa cha shweshwe, na wateja waliotoa vipimo wakaja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa. Mmoja tu ndiye aliyekuja na kazi, akakaa, akazunguka mbuyu weee, mwishowe akasema angeomba bei ishuke, kwa kuwa Lisebo hana midomo ya kulisha. Lisebo akampandishia. Mama yule alinuna, akalipa, kwa sababu mwingine anayejua kukunja marinda yale yuko mbali na nauli ni yake mwenyewe.

Fundi wa kuezeka alikuja, akaziba paa, akaondoka bila kumtazama usoni. Mvua ikinyesha hapakuwa tena na tone. Lisebo alilala katikati ya kitanda. Alimkumbuka Hlompho, tusidanganyane. Alimkumbuka kwenye mambo ya kijinga, kama namna anavyopiga mluzi akitafuta kiatu. Lakini kila alipofikiria kumtumia salamu, alikumbuka yale macho yaliyopita juu yake kwenda kitandani, na salamu ikaishia kooni.

Alikuja mwenyewe, Jumamosi moja mchana, wakati watu wako nje wanaanika nguo. Aliacha farasi langoni, akavua kofia, akasimama uani. Lisebo alikuwa mlangoni na gauni la mtu mapajani, anashona pindo. Hakuacha kushona.

"Mama kaniletea msichana wa watu," Hlompho alisema. "Mzuri, mpole. Kaketishwa, kapewa chai. Kila mtu ananitazama. Nikajiuliza, wewe Hlompho, unamtaka mtoto? Nikatafuta jibu, mke wangu, nikalitafuta kweli. Nikaona mtoto alikuwa wa mama. Na wa wale walevi wanaonicheka. Mimi nilichokuwa nakikosa muda wote huu mezani ni wewe unavyonitukana chai ikiwa ya baridi."

"Msichana ulimwambia nini?"

"Nilimwomba radhi. Nikamrudisha kwao kwa farasi."

"Na mama yako?"

"Amesema nikivuka mto nisirudi. Nimevuka."

Lisebo alikata uzi kwa meno. Hakuinuka. Kusamehe si kazi ya kufanya mtu akiwa amesimama uani kwa dakika chache.

"Mimi sibadiliki, Hlompho. Sikia vizuri. Si nikizeeka, si mama yako akiwa kitandani anaaga, si siku utakapomwona mtoto wa mtu ukapata kiu. Kuna anayengoja humo ndani yako?"

"Hakuna."

"Wewe umekuja kumwona nani hapa?"

Alielewa. Alifungua mdomo, akaona haya, akaufunga. Miaka tisa ni mingi, ulimi ulishazoea Mama wa Lefa.

"Lisebo," alisema kwa sauti ndogo.

"Sijasikia."

"Lisebo!"

"Mimi nimesikia. Mamookho hajasikia."

Ng'ambo ya ukuta, kamba ya nguo ya Mamookho ilikuwa imesimama kimya muda mrefu mno kwa mtu anayeanika. Hlompho aliutazama ukuta ule. Akamtazama mke wake, kama kuna utani. Hapakuwa na utani. Akavuta pumzi, akageuka kuelekea kijiji, akapaza sauti ile anayowaitia kondoo walioko upande wa pili wa bonde.

"Mke wangu anaitwa Lisebo! Hatuzai! Tulikubaliana wawili, na mimi nilijua! Anayetaka kuuliza aje aniulize mimi!"

Ikapanda mlimani, ikarudi. Mbwa mmoja akaijibu.

"Tumesikia!" Mamookho alisema nyuma ya ukuta, amekasirika kama mtu aliyeshikwa. "Hatuna uziwi!"

Lisebo alisogeza magoti kidogo pale mlangoni, nafasi ikapatikana ya mtu mmoja kupita.